Nyumba Mbili Zilizozidi

Aristote alikuwa na mashine mbili za fotokopi, lakini moja tu ndiyo iliyofanya kazi. Lwaboshi aliweka kiganja juu ya kifuniko chake. Kilikuwa cha moto.

"Tangu asubuhi umetoa kopi ngapi?"

"Sihesabuke, Papa. Bantu banakuya, natoa, banaenda."

"Na karatasi za chuo kikuu? Zile za Mama Annonciata?"

Aristote aliacha kulinganisha karatasi zilizokuwa mezani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, na kibanda chake cha mabati katikati ya soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambacho Wakongo wenzake walikiita sekretaria, ndicho kilichowachapia watu wa kambi barua zao. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walitazamana. Mmoja akakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Wa pili akatoka bila kukumbuka chochote.

"Nilijua tu utafika hapa," alisema Aristote. "Kitu kikiharibika Lilongwe, banakuya kutafuta mwizi huku kwetu."

"Sijasema mwizi."

"Sasa unatafuta nini?"

Lwaboshi alivuta kigoda, akakaa, akafungua bahasha ya kaki aliyokuwa ameibana kwapani. Kwa miaka kumi na minne alikuwa inspekta wa upelelezi Bukavu, na huko alijifunza kwamba ukikaa wewe na kumwacha unayemhoji amesimama, ulimi wake huwa mwepesi. Kazi ile ilikwisha mwaka 2008 alipokimbia na mkewe na begi moja. Hapa Dzaleka alikuwa fundi cherehani. Hata hivyo watu waliendelea kumwita Inspekta, na walipopatwa na jambo zito walimfuata.

Jambo la safari hii lilimfikia Jumatano, tarehe ishirini Mei 2015. Dokta Ellen Kalilani, mhadhiri wa afya ya jamii katika chuo kikuu kimoja cha binafsi mjini Lilongwe, alikuja mwenyewe kambini. Mwezi Aprili chuo chake kilikuwa kimepeleka ombi kwenye mfuko wa utafiti wa Ulaya. Walitaka ufadhili wa miaka mitatu wa kuchunguza moshi wa majiko ya makaa na vifua vya watoto wa Dzaleka. Mfuko ulijibu kwa barua fupi na kali: ombi lile lile, aya kwa aya, lilikuwa limekwisha kufika siku tatu kabla, kutoka shirika moja la Lilongwe liitwalo Pumzi Safi. Chuo kijieleze.

Chuoni, vidole vyote vilimwelekea Annonciata Mukamusoni. Alikuwa mkimbizi wa Rwanda aliyekulia Bukavu, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia wahadhiri mifuko ya utafiti na kuwasaidia kuandika maombi mpaka washinde. Alikuwa amesimamishwa kazi. Kamati ya nidhamu ingekaa Ijumaa saa nane mchana, na barua ya kwenda ofisi za serikali za Capital Hill, ya kuomba kibali chake cha kazi kifutwe, ilikuwa imekwisha kuchapwa. Ilibaki saini.

"Annonciata si mwizi," Dokta Kalilani alimwambia Lwaboshi, akiwa amesimama karibu na gari lake. "Ombi limevujia huku kambini. Anza na yule mwenye fotokopi. Mdogo wake ni mlinzi kwenye geti la Pumzi Safi."

Kisha akamwachia bahasha ya kurasa zilizotoka mfukoni, na barua yenye saini yake, inayomruhusu kuona karatasi yoyote ya utafiti ule.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Zilibaki saa ishirini na nane.

"Dany ni nani wako?" aliuliza Lwaboshi.

"Ni mudogo yangu."

"Anatumika wapi?"

"Iko sentineli. Pale ku shirika fulani, Lilongwe."

"Pumzi Safi."

"Njo."

"Na haukuniambia."

"Haukuniuliza!" Aristote alipiga meza, karatasi zikaruka. "Papa, Dany anafungua geti, anafunga geti. Kusoma kwenyewe anasoma kwa shida. Unafikiri mi natoa kopi ya kizungu, napatia Dany, Dany anapatia patron yake?"

"Nafikiri. Basi nionyeshe ulichotoa, niache kufikiri."

Aristote alivuta daftari chini ya meza kwa hasira, akalitupa mbele yake. Lilikuwa limepangwa vizuri kuliko kibanda chenyewe. Kila kazi ilikuwa na tarehe, jina la aliyeileta na idadi ya kurasa. Lwaboshi alishuka na kidole mpaka tarehe kumi na tisa Februari: Mama Esperance, kwestionere, kurasa nne, kopi mia mbili na ishirini.

"Kurasa nne tu?"

"Ine tu. Maswali ya Kiswahili. Munapikia ndani ao inje, mutoto anakohoa tangu lini. Iko moya iliharibika, ngoja." Alichokora kwenye rundo la makaratasi aliyokuwa akiandikia migongoni, akatoa moja. "Njo hii."

Lwaboshi aliisoma pande zote. Kisha akalinganisha na kurasa zilizokuwa kwenye bahasha. Watu wa mfuko walikuwa wameyaweka maombi mawili ubavu kwa ubavu, la chuo kushoto, la Pumzi Safi kulia. Kila moja lilikuwa na kurasa kumi na sita za Kiingereza cha kitaalamu: tatizo, hoja, mpango wa kazi, vitabu vilivyotumika. Hakukuwa na swali hata moja la dodoso la Esperance. Aliyekuwa na kurasa nne za Aristote asingeweza kuandika hata utangulizi.

"Baada ya Februari, Esperance alirudi hapa?"

"Hapana. Mama Annonciata mwenyewe alipita, Jumatatu ya Pasaka. Lakini hakutoa kopi. Aliuza bic tu. Bic nyekundu."

"Alinunua kalamu nyekundu ya nini?"

"Papa, mi nauzishaka bic. Siulizake mutu anaenda kuandika nini."

Lwaboshi aliandika neno moja kwenye kijitabu chake, akasimama.

"Mwambie Dany asiogope," alisema. "Na we vilevile."

"Siogope," alisema Aristote. Alikuwa bado ameshika ukingo wa meza.

*

Esperance Cirhuza aliishi sehemu ya Lisungwi, mwendo mfupi kutoka sokoni. Kwao Bukavu alikuwa muuguzi, na kambini ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na yale maswali. Lwaboshi alimkuta anaanua nguo. Alipomwona mgeni ni nani, aliziacha kwenye kamba.

"Batamufukuza?" aliuliza kabla ya salamu.

"Wanataka. Kesho saa nane."

"Na mi? Bamesema nini juu yangu?"

"Hakuna aliyekutaja. Niletee kitabu cha majina, mama."

Alikileta kikiwa kimefungwa ndani ya kitenge. Kilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, lenye namba ya kila nyumba, jina la mama mwenye nyumba na idadi ya watoto. Lwaboshi alikaa kizingitini, akafungua ukurasa wa mwisho. Namba ya mwisho ilikuwa 214. Akarudi nyuma ukurasa mmoja mmoja. Kwenye namba 88 na namba 153 alikuta mistari miwili minene, iliyopigwa kwa rula na wino mwekundu.

"Hizi alizifuta nani?"

"Annonciata. Alikuya Jumatatu ya Pasaka, tukapitia zote. Hii ya themanini na nane ni ya Nzabonimana. Bamepata ndege ya Canada mwisho wa mwezi wa tatu, nyumba nzima. Hii ingine ni ya Maombi. Mvua iliangusha ukuta, akaenda kwa dada yake ku Area 36. Annonciata akasema, bantu benye habako hapa siwezi kubahesabu. Nilimwambia, mbili tu, nani ataona? Akakataa. Alienda sokoni, akauza bic, akakata."

"Kwa hiyo zilibaki mia mbili na kumi na mbili."

"Njo."

Lwaboshi alichomoa kurasa zake. Kwenye ombi la chuo, ukurasa wa tano, idadi ya nyumba ilikuwa 212. Kwenye ombi la Pumzi Safi, ukurasa huo huo, mstari huo huo, ilikuwa 214. Alisoma mara tatu, akiwa amefunga upande mmoja kwa kiganja, kisha mwingine.

"Mama, kitu hiki kilichoandikwa Kiingereza, ulishawahi kukiona?"

"Siyaone hata siku moya. Mi napatia Annonciata daftari, anaandika kwake Lilongwe."

"Basi aliyeiba aliiba maandishi ya kabla ya Pasaka," alisema Lwaboshi, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwake. "Na maandishi hayo hayakuwahi kufika kambini."

Esperance alikaa chini, miguu ikiwa imenyooka mbele yake, kama mtu aliyetoka safarini.

"Nilitembea nyumba zote hizo na miguu, Papa. Kila mama nilimwambia, ukijibu vizuri, batatuletea doktere wa kifua. Sasa banapita hapa banauliza, bameisha kufika? Nafanya kama siwaone." Alifungia daftari kwenye kitenge. "Umupate. Ule mutu, umupate."

*

Lwaboshi alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, na saa tisa mchana alikuwa Area 36 mjini Lilongwe, nyuma ya maduka ya vipuri, mbele ya nyumba ya vyumba viwili. Annonciata alimfungulia akiwa amevaa viatu vya kutokea. Mlangoni palikuwa na maboksi matatu yaliyofungwa kamba.

"Unahama?"

"Kibali kikifutwa, banapatia mutu siku chache kurudi ku kambi. Sitaki banikute nakimbizana na vyombo." Alimpa kiti, yeye akabaki amesimama. "Uliza, Papa. Nimeulizwa na batu wengi, nimezoea."

"Nieleze kazi yako. Kama mtu asiyejua kitu."

Alieleza bila kupamba, na kwa kadiri alivyoeleza ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Kila asubuhi alisoma matangazo ya mifuko ya utafiti, ya Ulaya, ya Amerika, ya Afrika ya Kusini. Akiona tangazo linalomfaa mhadhiri fulani, humfuata mpaka darasani. Mhadhiri huleta wazo. Yeye huuliza maswali ambayo watu wa mfuko watauliza, mhadhiri hukasirika, kisha wanaandika. Katika miaka minne maombi tisa yalikuwa yameshinda. Jina lake halikuwa kwenye jalada la hata moja.

"Na kabla ya kupeleka?"

"Tunafanya usomaji wa jaribio. Natoa kopi tatu, napatia batu batatu basome kama njo bao ba-juge, benye kuamua. Banaandika makosa pembeni na kalamu. Hii ya moshi niliitoa Ijumaa, tarehe makumi mbili na saba Machi. Namba moya, mbili, tatu."

"Kwa imeli ulimtumia nani?"

"Hakuna. Mashine yangu iko na neno la siri, na niliwaambia batasoma karatasi tu. Mpaka siku ya kupeleka, tarehe kumi na tatu Aprili, hakuna aliyekuwa nayo ila mi na zile kopi tatu."

"Zile kopi ziliandika nyumba ngapi?"

"Mia mbili na kumi na ine. Nilibadilisha kisha—"

Nje mtu alikuwa anagonga chuma, akaacha, akaanza tena.

"Ile ya Pumzi Safi iko na ngapi?" aliuliza Annonciata polepole. Barua ya mfuko walimsomea tu, hawakumpa aishike.

"Mia mbili na kumi na nne."

"Basi iko moya ya zile tatu."

"Njo. Walizichukua nani?"

"Mbili na tatu, maprofesa bawili bazee. Balirudisha kisha siku chache, nakumbuka, mumoja alilalamika juu ya macho."

"Na namba moja?"

Annonciata aliutazama mlango, kana kwamba kuna mtu angesikia.

"Hapana, Papa."

"Sijasema kitu."

"Ule njo mama alinitoa ku kambi. Alinikuta nafundisha Kiingereza ku kanisa, akanipeleka ku chuo na gari yake mwenyewe, akasimama mbele ya wakubwa akasema huyu anajua kazi. Usimuguse ule."

"Simgusi. Nauliza tu alirudisha lini."

"Sikumbuke."

"Annonciata."

"Iko ku rejista," alisema. "Kila mutu anatia sahihi, kuchukua na kurudisha. Hata yeye."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Lwaboshi alikuwa mbele ya dawati la Tionge, mwanamke wa makamo aliyetunza funguo za ofisi ya utafiti. Aliisoma ile barua ya ruhusa mara mbili, akaigeuza nyuma, akaitazama tena saini.

"Ni ya Dokta Kalilani mwenyewe," alisema kwa Chichewa.

"Ni yake."

"Anasema karatasi yoyote?"

"Yoyote."

"Haya, zikomo," alishukuru, akachukua funguo.

Rejista ilikuwa kitabu chekundu chenye kamba. Ukurasa wa Machi ulionyesha saini tatu za kuchukua, zote za tarehe ishirini na saba. Nakala ya pili ilirudi tarehe thelathini Machi. Ya tatu, tarehe moja Aprili. Ya kwanza, tarehe kumi na nne Aprili. Ombi la chuo lilikuwa limepelekwa siku moja kabla ya hapo, na la Pumzi Safi lilipokelewa na mfuko tarehe kumi.

"Siku hizi zote nakala namba moja ilikuwa wapi?"

"Kwa mwenyewe," alisema Tionge. "Nilimkumbusha mara mbili."

Lwaboshi aliomba zile nakala. Alizipanga juu ya meza karibu na dirisha, akavaa miwani yake ya kushonea. Nakala ya pili na ya tatu zilikuwa na pini moja ya stepla kila moja, na kila ukurasa ulikuwa na matundu mawili. Nakala ya kwanza nayo ilikuwa na pini moja, lakini kila ukurasa ulikuwa na matundu manne. Pini ya kwanza ilikuwa imeng'olewa, karatasi zikatenganishwa, kisha zikabanwa upya pembeni kidogo ya mahali pa zamani. Msomaji hang'oi pini. Anayeng'oa ni yule anayetaka kupitisha karatasi kwenye mashine, moja moja.

Hilo halikutosha. Mtu angeweza kusema aliing'oa kwa bahati mbaya. Lwaboshi akaanza kusoma maandishi ya kalamu pembeni, ukurasa kwa ukurasa, huku kurasa za Pumzi Safi zikiwa chini ya mkono wake wa kushoto. Kiingereza chake kilikuwa cha shida, lakini hakuwa akitafuta maana. Alikuwa akilinganisha maumbo ya maneno, kama anavyolinganisha mikono miwili ya koti.

Alilipata kwenye ukurasa wa kumi na moja. Pembeni, kwa wino wa bluu, kulikuwa na sentensi ya Kiingereza iliyoongezwa, na mshale wa kuonyesha mahali pa kuingia: *Mama mjamzito anayepikia ndani huvuta moshi kwa ajili ya watu wawili.* Katika ombi la chuo sentensi hiyo haikuwamo. Katika ombi la Pumzi Safi ilikuwamo, mahali hasa ulipoelekea mshale, bila neno kuzidi wala kupungua.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

Tionge aliinama. "Wa Dokta Kalilani."

"Kwa nini haikuingia katika ombi la mwisho?"

"Annonciata aliikataa. Walibishana hapo mlangoni. Alisema ni maneno mazuri lakini hayana utafiti nyuma yake." Tionge alinyooka, akamtazama. "Kwa nini unauliza hilo, bambo?"

Lwaboshi alimwomba atoe nakala ya ukurasa ule na ya rejista, aandike tarehe na saa, atie saini yake chini. Tionge alitia.

*

Dokta Kalilani alimpokea ofisini kwake saa sita na nusu. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya kamati.

"Umempata?" aliuliza. "Ni yule wa fotokopi?"

"Hapana."

"Mdogo wake?"

"Hapana, Dokta." Lwaboshi alifunga mlango nyuma yake. Aliweka mezani karatasi nne, moja moja, akizigeuza zimwelekee yeye: nyumba 214, rejista, ukurasa wenye mwandiko wa bluu, ukurasa wa Pumzi Safi.

Dokta Kalilani alisoma mpaka ya tatu. Ya nne hakuihitaji.

"Ulimpa nani?" aliuliza Lwaboshi.

"Nilimpa asome tu."

"Nani?"

"Gondwe. Mkurugenzi wao. Tulisoma pamoja." Alivua miwani, akaibana mkononi. "Alisema wanafungua idara ya utafiti, wanataka mtu wa kuiongoza. Alitaka kuona ninavyofikiri. Nikampa. Alikaa nayo siku mbili, akanirudishia. Sikujua atapeleka. Naapa sikujua."

"Ulijua lini?"

"Barua ya mfuko ilipofika."

"Ilifika tarehe sita Mei. Leo ni ishirini na mbili. Ulikaa siku kumi na sita ukimtazama Annonciata."

"Nilimtetea! Muulize yeyote."

"Ulimtetea kwa kunipeleka Dzaleka."

Dokta Kalilani aliiweka miwani mezani. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Nilidhani utarudi na jina la mtu wa huko. Angefanywa nini? Hana kazi ya kufukuzwa. Annonciata angepewa onyo la uzembe, yakaisha."

"Polisi wangemchukua siku hiyo hiyo. Najua kinachofuata, nimeifanya kazi hiyo."

"Na nikisema ukweli, ombi linakufa. Wale watoto, Bambo Lwaboshi. Umewasikia wanavyokohoa."

"Ombi lilikufa tarehe kumi Aprili." Lwaboshi alitoa bahasha mfukoni, ndogo, iliyofungwa kwa gundi. "Hii ni ripoti yangu, kurasa mbili. Saa nane na dakika tano nitampa mwenyekiti. Ukisema mwenyewe kabla ya hapo, haitatoka mfukoni."

"Nina watoto wawili shuleni."

"Najua."

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Yeye hakupewa mpaka Jumatatu."

Alichukua karatasi zake nne, akatoka.

*

Kwenye korido ya ghorofa ya pili kulikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana. Annonciata alikaa kwenye moja, akiwa na sketi yake ya bluu ya kanisani, mikono juu ya mapaja. Lwaboshi alikaa kando yake. Hakuwa amemwambia alichokikuta. Annonciata hakuwa ameuliza, lakini aliutazama mfuko wa koti lake kila mara.

Saa nane kasoro dakika tatu Dokta Kalilani alipanda ngazi, akakaa kwenye benchi la mbele yao. Alimsalimu Annonciata kwa kichwa. Baada ya hapo hakumtazama tena.

Saa nane kamili. Mlango haukufunguliwa. Ndani kulisikika viti vinavutwa, mtu anakohoa. Lwaboshi aliitazama saa yake. Saa nane na dakika mbili. Dakika tatu. Aliingiza mkono mfukoni, akaishika bahasha.

Mlango ukafunguliwa. Karani wa kamati alisoma kwenye karatasi.

"Annonciata Mukamusoni."

Annonciata alisimama, akanyoosha sketi. Alikuwa amepiga hatua moja tu.

"Subiri," alisema Dokta Kalilani. Naye alikuwa amesimama. "Niingie mimi kwanza."

"Dokta, aliyeitwa ni—"

"Najua aliyeitwa. Kuna jambo ambalo kamati lazima ilisikie kabla yake. Linanihusu mimi."

Annonciata aligeuka akamtazama Lwaboshi. Aliuona mkono uliokuwa mfukoni, kisha akaurudisha uso kwa mwanamke aliyemtoa kambini kwa gari lake. Alirudi nyuma hatua ile moja, akampisha.

Dakika arobaini. Mara moja sauti ya mwanamume ilipanda ndani, ikashuka. Annonciata alilia kidogo, bila kujificha wala kupangusa, kisha akaacha. "Mi niliwaza ni yeye tangu jana," alisema. "Nilisali nisiwaze."

"Najua, mama."

Dokta Kalilani alitoka na mkoba wake, akashuka ngazi haraka bila kugeuka. Nyuma yake alitoka Profesa Mbewe, mwenyekiti wa kamati, mtu mrefu mwenye mvi. Alikuwa anatabasamu kwa shida.

"Mama, tunakupa pole kwa usumbufu," alisema. "Jambo limeeleweka. Mfuko tutauandikia wenyewe kuliondoa ombi letu. Ile barua ya Capital Hill haiendi popote. Jumatatu karibu kazini, tusahau yaliyopita." Akanyoosha mkono.

Annonciata hakuupokea.

"Mlinishitaki kwa barua, Profesa," alisema, na Chichewa chake kilikuwa safi, hakina haraka. "Mliibandika ubaoni, wanafunzi wakaisoma. Nisafisheni kwa barua. Ibandikwe pale pale."

"Bila shaka, bila shaka. Wiki ijayo—"

"Leo."

"Leo ni Ijumaa, mama. Karani anakaribia kutoka."

"Nitangoja," alisema Annonciata, akakaa.

Lwaboshi akasogea, akampa nafasi zaidi kwenye benchi. Profesa aliutazama mkono wake uliobaki hewani, akaushusha, kisha akageuka mlangoni kumwita karani.